Siku Faiawali Yangu Ilipomzuia Baba Mkubwa

Jamani, nyie chekeni tu, maana mimi mwenyewe nikikumbuka siku ya posa ya dada yangu Anastazia natamani kujifunika shuka mchana kweupe.

Chanzo ni ruta. Niliinunua Mpanda mjini, nikachagua ile yenye antena nyingi (muuzaji alisema ya kawaida inatosha, ila mimi na kusikiliza watu wapi na wapi), nikaifunga sebuleni, mara nikagundua mama kampa jirani yetu, Mama Neema, paswedi, na watoto wake wanaangalia katuni kwa raha zao. Roho ikaniuma. Nikabadilisha paswedi zote, ya waifai na ya kuingilia kwenye ruta, nikaipa waifai jina NUNUA BANDO LAKO ili ujumbe ufike, halafu nikaingia kwenye faiawali, ule ulinzi wa ruta unaoamua kipi kipite na kipi kisipite, nikaweka kiwango cha juu kabisa. Nikafungua nyimbo, zikacheza. Nikajiona injinia.

Sasa kwetu binti haposwi bila neno la baba mkubwa, naye yuko Karema, miguu inamsumbua, hasafiri, kwa hiyo tukakubaliana aongee kwa simu ya video. Mama akaniambia ninunue bando la akiba. Nikamjibu, "Mama, bando la nini na ruta ipo?"

Wageni wa upande wa kijana, kutoka Mwamkulu, wakaketi. Nikapiga. Baba mkubwa anapokea, picha haiji, sauti haiji, inakata. Nikarudia, yale yale, huku meseji zake zinaingia vizuri tu: "Mbona mnanikatia?" Ndipo nikaelewa ni faiawali, nikakimbilia kuishusha, kumbe paswedi mpya ya ruta nimeisahau, nikabahatisha weee mpaka ruta ikanifungia nje mimi mwenye mali. Mshenga wao, mzee mpole wa Kisukuma, akatoa simu yake atusaidie.

"Mtandao wenu ndio huu?" akauliza, akasoma sebule nzima ikisikia. "Nunua Bando Lako?"

Baba wa kijana akavaa kofia yake.

"Kama mmetuita kututukana, semeni tuondoke."

Nyuma ya pazia la chumbani dada akaanza kulia, na hapo aibu ikanishika kwelikweli.

Mama akatoka, akarudi na Mama Neema, simu yake yenye ufa mkononi. Mama Neema akawasalimia wageni kwa adabu zote, kisha akanigeukia.

"Bando nimenunua, mwanangu, kama ulivyoandika."

Uso wa baba mkubwa ukatokea kwenye ile simu yenye ufa, akatoa neno lake, posa ikapokelewa. Ila mshenga akasimama: siku zote faini wanatozwa wao upande wa mume, leo zamu yetu, mbuzi mmoja kwa kuwakosea wageni. Wote wakanitazama mimi. Mbuzi nikamtoa, na mpaka leo shemeji ananiita Bando.

Ruta niliirudisha ilivyotoka dukani, faiawali ikawa ya kawaida, na sitaigusa tena, hata mkinilipa. Watoto wanaangalia katuni zao. Paswedi anaitunza Mama Neema, mimi nikisahau naenda kwake kuomba.