Ng'ombe wa Kaka, Kichuguu cha Baba

Kaka yangu ana ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi kijijini kwetu Logiri, na hajawahi kukanyaga mavi ya hata mmoja wao. Wako kwenye simu. Alianza na mmoja: unagusa kiwele kwa kidole, maziwa yanadondoka, sarafu inalia. Ukigusa vya kutosha unanunua wa pili. Halafu unaajiri mchungaji ili usiguse tena, halafu msimamizi wa wachungaji, halafu meneja wa wasimamizi, na kuanzia hapo mchezo unajicheza wenyewe. Kazi yako ni kufungua simu kila mara upongezwe.

Alinieleza haya siku nilipomtembelea mjini Arua, kwenye nyumba ya serikali anayokaa kule mlimani, nyumba ya wakoloni yenye dohani ambayo sasa ni ya popo.

"Sasa wewe unafanya nini humo?" nikamuuliza.

"Nasimamia," akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza kazi yake ya ofisini. Hapo nikaelewa kwa nini mchezo umemkaa vizuri.

Kichekesho zaidi ni kwamba ukishatajirika kupita kiasi, mchezo unakuomba uuze kila kitu urudi kwenye ng'ombe mmoja, ila safari hii maziwa yatatoka upesi zaidi. Kaka ameshafilisika hivyo mara nyingi, na kila mara anapiga simu kunitangazia.

Mimi nina hoteli ndogo Koboko, mji wa mpakani, ugali na maharage, karibu na pale bodaboda zinapoegesha. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa Sudan Kusini wanaosubiri mizigo, na watu wanaosubiri ndio riziki ya mchezo huu: sahani mbele, kidole kwenye kiwele. Niliuweka kwenye simu yangu nijue ninachokicheka. Mtamu, sitadanganya. Unaamka asubuhi unakuta maandishi: karibu tena, ulipokuwa hupo umepata maziwa kadha wa kadha. Hakuna binadamu aliyewahi kuniamsha na habari nzuri hivyo. Lakini baada ya muda nilikuwa na mameneja kila kona na mchezo haukunihitaji kwa lolote, nikaufuta. Wateja wangu angalau hunipigia kelele ugali ukichelewa.

Ningeishia kumcheka tu, kama si kichuguu.

Baba alikuwa mwanajeshi, akamwoa mama ng'ambo ya mpaka, Congo, ndiyo maana nyumbani tumekua na Kiswahili cha kambini. Alipofariki alituachia nyumba, kishamba cha muhogo, na kichuguu kikubwa nyuma ya shamba kinachotoa kumbikumbi kila msimu. Kwetu kichuguu kina mwenyewe. Hurithiwa na mtoto wa kiume, kwa sharti moja: siku kumbikumbi wanapotoka, awe amekaa pale. Ukikiacha wazi siku hiyo, aliyekuwepo ndiye mwenyewe, na hakuna wa kumshtaki. Mimi ni binti niliyeolewa Koboko, kwa hiyo kichuguu hakinitambui, na jambo hilo linanikera mpaka leo.

Kwa mama haikuwa kitoweo tu. Yeye ni mgeni pale, na ukoo haukuwahi kumsahaulisha. Kila msimu alikuwa akipeleka bakuli za kumbikumbi nyumba kwa nyumba, na siku hizo aliitwa mama wa pale bila mtu kusaga meno. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa anakizungukia kichuguu hicho tangu matanga ya baba. Kichuguu kingekwenda, shamba nalo lingeanza kuulizwa ni la nani.

Msimu huu mama alipoona matundu yamefunguka akatuita wote. Mvua ilinyesha asubuhi, jua likatoka, yaani siku yenyewe. Kaka alikuja na boda kutoka Arua, na nitampa haki yake: alifyeka nyasi, akachimba shimo, akafunika juu kwa vijiti na majani ya ndizi ili kumbikumbi wakitoka waangukie shimoni. Ilibaki kupiga fimbo. Unagonga vijiti juu ya ubao, taratibu, bila kuacha, kumbikumbi wasikie mvua na watoke. Ni kazi ya kuchosha na haina msimamizi.

Akagonga kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na simu.

"Piga fimbo, mutoto yangu," mama akamwambia. "Simu haina kumbikumbi."

"Napiga, mama. Nyinyi endeni mupike."

Tukaenda jikoni. Tulichokuja kukijua baadaye ni kwamba simu yake ilibaki na chaji kidogo, na siku hiyo mchezo ulikuwa unatoa ng'ombe wa dhahabu. Kaka akaangalia shimo, akaangalia majani, akaona kila kitu kimeshapangwa. Akaondoka kwenda senta, kwenye maduka, kuchaji.

Sisi jikoni tulisikia fimbo zimenyamaza. Kabla mama hajamaliza kushangaa zikaanza tena, na safari hii zilipigwa sawasawa, nzito, bila kuyumba. Mama aliacha kukoroga akasikiliza. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona na uso ule.

"Sikia," akaniambia. "Leo anapiga kama baba yake."

Akatoa karai kubwa, lile la sherehe, akalisugua ingawa lilikuwa safi. Tukaenda nalo.

Kwenye kichuguu alikuwa amekaa baba mdogo na wanawe wawili. Wao ndio waliokuwa wakigonga. Shimo lilikuwa linachemka kumbikumbi na magunia mawili yalikuwa yameshafungwa. Baba mdogo alisimama kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyonichoma.

"Karibu, shemeji. Tulikuta hapa hakuna mutu. Kitu ilikuwa inatoka, ingeruka bure."

Mama akaweka karai chini. Nilifungua mdomo, akanishika mkono. Baba mdogo akachota bakuli moja, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni. Mama akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Ningependa kuandika kwamba nilisema neno la maana. Nililiokota karai tu, na hasira tele.

Kaka alitukuta nyumbani. Mama alikuwa ameketi barazani, karai tupu miguuni, bakuli la mgeni kando yake halijaguswa. Kaka alikuwa amepita kichuguuni na alikuwa ameona. Akaanza kueleza haraka haraka: shimo alichimba yeye, majani alifunika yeye, kazi yote alishaimaliza, kilichobaki kilikuwa kinakwenda chenyewe, mtu mwenye akili angeelewa.

Simu ikalia mkononi mwake, sarafu nyingi kwa mpigo. Naapa hakukusudia, kidole kilifungua chenyewe.

"Hiyo inasema nini?" mama akauliza. Hajui kusoma.

Kaka alitaka kuizima. Mama akauliza tena. Mtoto hamdanganyi mama yake akimtazama vile, kwa hiyo akasoma, polepole, sauti ikimpungukia:

"Karibu tena. Ulipokuwa hupo, umepata maziwa mengi sana."

Mama akaliinua karai kwa mikono miwili, akamshikia.

"Basi mwaga hapa," akasema.