Skonzi za Matanga ya Mama

Mama yangu alizikwa Tanga siku ileile aliyofariki, kama inavyotakiwa, na mimi niko Hässelby, kitongoji cha Stockholm huku Uswidi, nimeshika simu. Hakuna ndege inayomuwahi maiti wa Kiislamu. Nilichobaki nacho ni kumkalia matanga hukuhuku. Ujumbe ukatumwa kwenye kundi la umoja wetu wa akina mama: karibuni nyumbani kwa mfiwa Jumapili, saa nane mpaka saa kumi na moja jioni.

Nilipousoma nilikasirika. Mpaka saa kumi na moja? Kwani mama yangu ni daktari wa meno, anaonwa kwa miadi? Kwetu msiba huisha watu wakishachoka kulia na kuanza kutaniana. Hapa Stockholm tumejifunza kuhuzunika kwa ratiba, kwa sababu kesho yake kila mtu ana zamu.

Walikuja, sikatai. Walijaa sebuleni kutoka Rinkeby na Hjulsta, Watanzania, Wakenya na Warundi, Waislamu kwa Wakristo. Mwenyekiti wetu, mama wa Kikenya mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi, alikuwa amesikia kwamba mama alitusomesha kwa kuuza skonzi. Basi akaamua kumuenzi kwa kuoka. Akafunua trei yake, na ndani mlikuwa na skonzi za Kiswidi: mabonge bapa ya duara, yamechorwa msalaba ili yameguke vipande vinne, ya kuliwa na siagi na jibini asubuhi ya mapumziko. Hata kwao Kenya skonzi ni za hamira, anajua vizuri sana. Ila hizi za bekingi pauda huiva upesi, na mtu wa zamu hana muda wa kusubiri unga.

Nilikula kipande, nikakisukuma kwa maji. Wageni wakamsifu mpishi. Nikaona mama yangu anazikwa mara ya pili.

Maana skonzi zetu zina ukoo wake. Bibi mzaa mama alizikuta jikoni kwa mama mmoja wa Kiingereza, kwenye shamba la mkonge, alikokuwa akifanya kazi. Zilikuwa ngumu, za kupukutika, na bibi hakuruhusiwa kuzila. Alionja makombo wakati wa kuosha vyombo. Akasema hiki si chakula, ni adhabu. Kwake akatia hamira, tui la nazi na iliki, akaukanda unga mpaka ukalainika kama shavu la mtoto, akazipanga zimebanana ili zikiumuka zishikane mbavu. Ukiichomoa moja, mvuke unakupiga usoni, na chai ya maziwa unaiona haitoshi. Jina tukabaki nalo, wala siombi radhi. Waswidi nao walizitoa kwa Waingereza wakazifanya wanavyotaka, na sijasikia mtu akiwauliza.

Mama alirithi mkono huo. Mteja mwenye haraka alimwelekeza duka la biskuti.

Dua ilishasomwa. Kila mtu alikuwa ameshaniambia pole na Mungu amlaze mahali pema, na nusu saa kabla ya muda kwisha nikaona wanawake wanaanza kutafuta makoti yao. Nikainuka, nikaingia jikoni, nikashusha unga.

Mwenyekiti akaja kusimama mlangoni. Alinishika mkono kwa upole.

“Dada, mfiwa haingii jikoni. Unatutia aibu.”

Alisema kweli. Mwenye msiba hupikiwa, tena kwake mwenyewe, na jiko lake hushikwa na wengine. Mila hiyo naijua tangu utotoni, na siku nyingine yoyote ningeitii.

“Mila hiyo ni ya watu wanaokaa na mfiwa,” nikamwambia. “Ninyi mmeshashika makoti. Basi nami nashika jiko langu.”

Akaniachia mkono. Nilikanda kwa hasira yote niliyokuwa nayo, nikalifunika bakuli kwa kitambaa, nikaliweka karibu na hita ya sebuleni, katikati ya wageni. Nikatangaza kwamba hakuna anayetoka kwangu kabla ya kula skonzi ya mama yangu. Binti yangu, ambaye hunijibu Kiswidi hata nikimsema, aliuliza kwa Kiswidi chake tutasubiri mpaka lini. Nikamwambia mpaka unga uumuke, kisha zikatwe, kisha ziumuke tena. Mtu mmoja akaguna. Hakuna aliyethubutu kufungua mlango.

Tukakaa. Simu zilitazamwa, zikachosha. Unga ukaanza kuinua kitambaa polepole, na hapakuwa na la kufanya ila kuutazama. Ndipo mwenyekiti akavua koti, akasogea mpaka tukagusana mabega.

“Haya, tuambie,” akasema. “Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?”

Tangu mama afariki hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikafungua kinywa nimjibu, badala yake nikalia. Nililia kwa sauti yote, kama wanavyolia kwetu, na wanawake wakanipokea. Jirani yetu akagonga ukuta kututaka tunyamaze. Mwenyekiti akainuka, akaenda pale ukutani, naye akamgongea.