Mwalimu Aliyefika Sirisia Kabla Yangu

Haya niliyaona mimi, sikuambiwa na mtu. Naanza hivyo kwa sababu nikifika katikati watu huanza kunitazama kwa huruma, kama mgonjwa. Wewe nisikilize mpaka mwisho, halafu uniambie nilikuwa wapi zile siku tatu, maana mimi hadi leo sijui.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea kuisha. Tuliishi Kitale, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mahindi. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, kwa wiki analala nyumbani labda siku mbili. Mimi nilikuwa napiga chapa vitambaa. Unavikumbuka vile vitambaa vya kutandika kwenye makochi? Kila nyumba ilikuwa navyo. Kazi yenyewe nilifunzwa na akina mama wa kanisa. Unachukua fremu ya mbao, unaiwamba nailoni nyepesi mpaka ikaze kama ngozi ya ngoma, chini yake unabandika karatasi uliyoikata mchoro, halafu unamwaga rangi juu na kuivuta kwa kipande cha mpira. Rangi inapita pale tu karatasi ilipokatwa. Kiwanda changu kilikuwa meza ya kulia, nimeitandika blanketi kuukuu.

Mchoro wangu ulikuwa mmoja tu, korongo mwenye taji amekunja mguu. Niliukata mwenyewe kwa wembe, wembe ukateleza, korongo akabaki na mkwaruzo shingoni. Wateja hawakujali, na mimi nikauzoea.

Kuna jambo lingine lazima ulijue. Mwaka uliotangulia nilizaa mtoto msichana, akaishi usiku mmoja. Walimzika kabla sijatoka hospitali, bila jina. Niliporudi nyumbani hakuna aliyemtaja, hata baba yake. Nikadhani ndivyo inavyotakiwa, na mimi nikanyamaza.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa nane mchana, mvua inanyesha, nikasikia hodi. Nje amesimama mwanamke wa umri wangu, mwembamba, ana pengo la jino la mbele na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Kwapani ameshika vipande viwili vya kitambaa cheupe cha amerikani.

“Mimi ni Nekesa,” akasema, “mke wa Wafula, yule fundi wa baiskeli pale Sirisia sokoni. Nimesikia unapiga chapa. Nimekuja unifunze.”

Kutoka Sirisia mpaka Kitale, kwa mvua ile, kujifunza vitambaa? Nilishangaa, lakini mgeni ni mgeni. Nikamkaribisha, nikampa chai. Hakuinywa. Akaenda moja kwa moja mezani.

Nikamwonyesha. Shikilia fremu isisogee. Laza mpira kidogo, vuta mara moja mpaka mwisho, usirudi nyuma. Mara ya kwanza rangi ilimwagikia pembeni, rangi ya kahawia, ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Nikaweka mkono wangu juu ya wake tukavuta pamoja. Korongo akatokea vizuri, na mkwaruzo wake. Akacheka. Akapiga wa pili peke yake.

Tulikuwa tunatundika vile vitambaa viwili vikauke aliponiuliza, bila kugeuka, “Huyu mtoto wako hulia hivi kila siku?”

Nikamwambia hakuna mtoto nyumba hii.

“Pole,” akasema. “Nilidhani nasikia.”

Sijui kwa nini sikumfukuza. Badala yake nikakaa chini, nikamweleza habari ya ule usiku mmoja, mimi ambaye sikuwahi kumweleza hata mamangu. Jina sikumwambia. Hilo nataka ulishike. Nilikuwa nimechagua jina nikiwa na mimba, nimelitoa kwenye kitabu cha Ayubu, na halikuwahi kutoka mdomoni mwangu. Nekesa alisikiliza mpaka mwisho, akasema atarudi Jumamosi kuchukua vitambaa vyake, akaondoka. Mvua ilikuwa bado inanyesha.

Jumamosi hakuja. Wiki iliyofuata pia hakuja. Baada ya hapo nikaugua malaria. Ilinishika Alhamisi nikiwa peke yangu, nikajifungia ndani, na kitu ninachokumbuka ni blanketi, jasho, na kiu. Nilipoamka vizuri ilikuwa Jumapili, watu wanatoka kanisani. Fremu yangu ilikuwa inaning'inia ukutani kama kawaida, lakini ilikuwa na unyevu, na kwenye pembe za mbao kulikuwa na rangi ya kijani. Mimi sijawahi kununua kijani. Nikajiambia labda ni ukungu, nikaiosha.

Mwezi wa nane nikaona si vizuri kukaa na mali ya mtu. Nikavikunja vile vitambaa viwili, nikapanda gari mpaka Chwele, nikaendelea mpaka Sirisia. Kumpata Wafula fundi wa baiskeli haikuwa kazi. Yule bwana aliponiona akaweka spana chini, akanipa mkono akicheka.

“Mwalimu, umerudi. Mama watoto atafurahi. Pita tu, si nyumba unaijua?”

Nikamwambia siijui. Akacheka tena, akadhani ni mzaha.

Nilipoingia uani, jambo la kwanza nililoona ni kamba ya nguo. Juu yake kulikuwa na vitambaa sita vya kochi, vya korongo amekunja mguu. Korongo wa kijani. Nikasogea karibu, nikashika kimoja. Mkwaruzo ulikuwepo shingoni, pale pale.

Nekesa akatoka ndani. Pengo ni lile, kovu ni lile, sauti ni ile. Amebeba mtoto mchanga. Akanikumbatia kama dada yake. Nikampa vitambaa vyake, nikamwambia, “Hivi ndivyo vitambaa ulivyoviacha kwangu ile Jumanne ya mvua, mwezi wa sita.”

Akanitazama. “Kwako wapi?”

“Kitale.”

“Mwalimu, mimi Kitale sijawahi kufika. Na mwezi wa sita ningefikaje? Tumbo lilikuwa hapa,” akaonyesha kwa mkono, “hata mtoni nilikuwa siendi.”

Mwanamke aliyesimama mezani kwangu alikuwa na tumbo bapa. Niamini, nilikaa naye karibu saa tatu.

Mama mkwe wake alikuwa anapepeta maharagwe, akaingilia. “Wewe ndiwe ulikuja kwetu. Ulikuja Alhamisi na ile mbao yako ya kupigia chapa. Si ulilala hapa siku mbili? Ulikula kidogo sana.”

Nikaketi. Wakanieleza kwa zamu, wakinikumbusha kama mtu anavyokumbushwa mambo aliyoyasahau. Mtoto alikuwa amezaliwa siku moja kabla, Jumatano ya wiki ile ile niliyougua, na alilia mchana na usiku. Kwao mtoto akilia hivyo, anatafuta jina lake. Mama mkwe alimwita majina ya marehemu wote wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na mtoto akazidi kulia. Mimi, wanasema, nilikuwa nimeketi mezani nampiga korongo chapa, nikamfunza Nekesa kuvuta mpira. Sikuinua hata kichwa.

“Ukasema, mwiteni Kezia,” akasema Nekesa. “Akanyamaza hapo hapo. Sisi hatuna mtu wa jina hilo, lakini utafanyaje? Ndiye Kezia huyu.”

Kezia. Ndilo jina nililolitoa kwa Ayubu. Ndilo lile.

Akaniwekea mtoto mapajani. Sikulia. Ukiniuliza nilihisi nini nitakudanganya. Niliangalia vidole vyake tu, nikavihesabu, nikarudia kuvihesabu.

Niliporudi Kitale, kabla hata ya kufungua mlango wangu, nilikwenda kwa jirani, Mama Chebet. Nikamwuliza kama aliniona nilipougua malaria, ile Alhamisi mpaka Jumapili.

“Uliugua?” akasema. “Ile Alhamisi nilibisha mara mbili, Ijumaa nikarudi na maziwa. Kimya. Nikasema huyu ameenda kwao.”

Sasa niambie wewe. Kama nilikuwa kitandani, aliyekula Sirisia ni nani? Na kama nilikuwa Sirisia, yule aliyelowa jasho kwenye blanketi langu ni nani? Mume wangu alisema ni homa iliyonipanda kichwani. Mchungaji aliniombea, akaniuliza tena habari ya rangi ya kijani, halafu akaomba tena. Nikamwuliza kuhusu yule aliyekuja kwangu na tumbo bapa. Akaaga, akaenda zake.

Kezia amekua. Shule ilimpa shida kwenye hesabu, anapenda miwa kuliko chakula, hana ajabu yoyote. Likizo zake nyingi katika miaka ya tisini alizimalizia kwangu, pamoja na vijana wangu wawili niliowapata baadaye, na wanamwita dada. Nekesa ni rafiki yangu, lakini kuna ukuta mdogo kati yetu. Anaamini nilikuja kwake na ninaona aibu kukubali, labda nilikuwa nimemtoroka mume wangu. Mimi nashindwa kumkatalia kwa moyo wote. Nikishikwa na homa hata ndogo, siwezi kulala mpaka mtu aje akae kando ya kitanda na kunitazama.

Sijui nilikutana na nini, kwa hivyo siwezi kukuambia ukikimbie. Ninaloweza kukuambia ni hili. Ukifiwa na mtoto, hata kama aliishi usiku mmoja, liseme jina lake kwa sauti, nyumbani kwako, mbele ya watu wako. Wakinyamaza, wewe sema. Mimi sikusema, na kuna mtu alitembea mpaka Sirisia kulisema, na alikuwa na uso wangu.