Msichana Aliyerudia Mtihani

Darasa zima lilimwita Mrudiaji, naye aliitika. Swafiya, aliyeketi nyuma yake, alimjua zaidi kwa mikono, maana haikutulia: aliipangusa kwenye gauni, akachonga penseli iliyokwisha kuchongoka, akanong'ona hesabu kama anayeomba dua. Mwaka wa kwanza wa Uhuru mkono wake wa kulia uliganda katikati ya mtihani, karatasi ikakusanywa nusu tupu. Sasa babake alikwisha kusema: akianguka tena, ni harusi.

Mwalimu Wanyama, mtu wa bara, alipogawa karatasi za hesabu, mkono wa Mrudiaji ulianza kutetemeka, penseli ikaanguka. Swafiya aliingiwa na hofu kama kwamba ni yake iliyoanguka. Mrudiaji akaiokota, akaukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaandika hivyo hivyo mpaka kengele ilipolia.

Matokeo yalipokuja, mwalimu alimwita mbele.

“Umefaulu, tena vizuri. Utakwenda sekondari Mombasa.”

Hakucheka. “Tazama tena, Mwalimu. Isiwe ni ya mwingine.”

“Ni yako.”

“Basi kamwambie baba wewe,” alisema. “Mimi hataniamini.”

Mwalimu alitia kofia kichwani. “Tangulia,” alisema. “Nioneshe nyumba.”