Firigisi ya Mkwe

Kwa miaka kumi na miwili Alphonsine amefuga kuku nyuma ya nyumba yake huko Kikula, Likasi, na kwa miaka kumi na miwili amewazika. Kideri hurudi kila kiangazi. Kuku husinzia, huharisha kijani, shingo hupinda. Mwaka huu wamekufa ishirini na watatu. Amebaki tetea mmoja wa kijivu, shingo upande, aliyekwisha kupona kideri mara tatu. Sasa analalia mayai tisa.

Ruphin, mganga wa mifugo, alimtazama tetea huyo kwa muda mrefu.

“Kila ugonjwa ukipita, mama, wanyonge wanakufa, wenye damu ngumu wanazaa. Lakini kirusi nacho kinabadilika, kinatafuta njia ya kuwaingia hao wagumu. Kuku mbele, kirusi nyuma. Kesho kirusi mbele.”

“Basi wamechoka kama miye.”

“Na sisi tunawavuruga. Anayepona ndiye tunamchinja upesi, tukiogopa atakufa bure. Damu ngumu inaishia kwenye sufuria. Pengine huyu ana bahati tu. Lakini mwache azae.”

Jumapili akaja Barthélemy, baba wa mume wa binti yake Gaëlle. Mkwe huchinjiwa kuku, na firigisi huwekwa mbele yake yeye tu. Kumnyima ni kumwambia arudi alikotoka.

Gaëlle alikuwa ameshashika kisu. “Maman, ni mukwe! Kule kwa bwana yangu watanicheka mupaka nizeeke.”

Alphonsine alisimama mlangoni pa banda, magoti yakimwuma. Tetea alimtazama kwa jicho moja, hakuinuka.

“Rudisha kisu. Pika ile samaki ya ziwa Tshangalele.”

Barthélemy alinawa, akamega bukari, akaipekua sahani.

“Mama Gaëlle, samaki ya kwenu iko na firigisi?”

“Haina, mukwe. Kuku iko moja tu. Iko juu ya mayai.”

“Moja?”

“Ingine zote kideri ilimaliza.”

Mzee aliacha kutafuna. Gaëlle aliinamisha kichwa, akingoja tusi.

“Kwangu haikubaki hata moja,” alisema mzee. “Zilizopona nilizichinja mwenyewe.” Akavuta sahani karibu. “Mayai ikipasuka, munipatie tetea moja mudogo.”

“Anaweza kufa, mukwe. Ugonjwa utarudi, na sura ingine.”

“Najua. Munipatie tu.”

Alphonsine aliondoa vyombo, akaenda kumbadilishia tetea maji. Alipoinama mgongo ulilia, akakaa hapo hapo chini, karibu na mayai.