Majina Yaliyosomwa Kanisani

Wanaouliza kwa nini sikanyagi tena kanisa lile, leo nawajibu, na wenye makosa nawataja: mchungaji, msimamizi wetu wa kazi, na mimi.

Tulikuwa tunafua mashuka ya hospitali hapa Toronto. Mashine ya pasi ilininasa mkono wa kushoto ukaungua, bosi akasema uzembe wangu. Kongo nilipona risasi, nikaja kuunguzwa na shuka!

Ghorofa ya juu yetu, mtaa wa St. James Town, alikaa mzee Mswisi. Tulimwita Papa. Kwao aliongoza chama cha wafanyakazi, akafungwa kwa kukataa kushika bunduki ya jeshi, halafu wafanyakazi wakampigia kura akaingia baraza la mji. Uzeeni akamfuata binti yake huku.

"Papa, kwenu hata ng'ombe wana chama?" tulimtania.

"Wanakula vizuri kuliko nyinyi," akajibu kwa Kifaransa, akatutolea kadi za kujiunga na chama. Tukatia sahihi jikoni kwake. "Bosi asijue mpaka tupite nusu ya wafanyakazi. Chunga mdomo, mama!"

Sasa sisi, jambo zito haliendi bila maombi. Nikampa mchungaji karatasi ya majina yetu kumi na moja, atuombee kimyakimya. Jumapili akaisoma kwenye kipaza sauti, jina kwa jina: "Wanapigania chama kazini, Bwana awafunike!" Msimamizi wetu alikaa benchi la tatu. Naye aliitikia amina, tena kwa nguvu.

Jumanne tukaambiwa, wote kumi na moja, kazi imepungua, tusirudi tena.

Jumatano jioni nikamvizia msimamizi nje ya kanisa, Papa akanifuata.

"Mama, usinichukie, nina watoto," akasema msimamizi.

Nikanyanyua koleo la kuzolea theluji lililokuwa mlangoni, kwa mkono mzima. Papa akasimama katikati, mwembamba kama kijiti.

"Toka, Papa!"

"Anza na mimi."

"Amani yako imetusaidia nini?"

"Leo? Hakuna."

Nikalitupa koleo. Jumapili iliyofuata msimamizi yule yule alipitisha kapu la sadaka, na mchungaji akasema ni mapenzi ya Mungu. Sijarudi.

Wiki hiyo Papa akagonga mlango wangu na kadi mpya. Alitaka kujua nani wamebaki kule kwenye mashuka, nani anafaa kuanza naye. Nilitamani kumfukuza.

Nikamwingiza ndani, nikafunga mlango, nikamtajia majina kwa mdomo. Aliponipa kalamu niandike, nikairudisha.