Ulimi Ulioniponza Jukwaani

Naungama mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: niligombea urais wa serikali ya wanafunzi chuoni kwetu, hapa Karagwe, kwa sababu ya chakula. Viongozi hawapangi foleni bwaloni, na ukija ugeni wowote, wao hukaa karibu na masufuria.

Shida ilikuwa ulimi. Mimi ni Mnyambo wa Bweranyange, na L hunitoroka. Nikisema nimelala, wenzangu husikia nimerara. Basi Deus, ninayekaa naye chumba kimoja, akaninoa wiki nzima: "Kila ulimi ukikimbilia R, kaka, wewe weka L." Nikashika somo kupita kiasi.

Siku ya kujinadi nilivaa koti la baba la kanisani. Tukanywa chai, wagombea pamoja na walimu, kisha nikapanda jukwaani.

"Ndugu wanachuo, sina tamaa ya cheo. Nimekuja kwenu kwa unyenyekevu, naomba kula!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Dada mmoja wa mbele akauliza, "Kula tu, au na kunywa?"

"Kula!" nikasisitiza, jasho likinitoka. "Ninyi nipeni kula, mengine niachieni mimi!"

Mwalimu msimamizi wa uchaguzi akanionea huruma. "Jamani, mgombea anamaanisha kura. Hebu tusomee sera zako, kijana."

Nikamshukuru Mungu, nikaingiza mkono mfukoni nitoe karatasi. Zikaanguka chapati mbili za ile chai, nilizokuwa nimezifunga vizuri ndani ya sera zangu.